Asiyekuwepo na Lake Lipo: Adabu na Maadili Kazini Si Kitu Kimoja

"Lakini alipewa. Hakuiba."

Maneno hayo niliyasikia mwaka 2023 kwenye kibanda cha chai pale Malaba, mpakani mwa Uganda na Kenya, habari za mabati ya Karamoja, eneo la kaskazini mashariki mwa Uganda, zilipokuwa zimeenea nchi nzima. Mabati yalinunuliwa na serikali kwa ajili ya watu wasiojiweza wa Karamoja, lakini mengi yakaishia mikononi mwa mawaziri na wabunge. Dereva wa lori aliyekuwa ameketi karibu nami alikuwa akimtetea kiongozi mmoja, tena kwa upole kabisa. Mtu akikuletea zawadi utamfukuza? Huo si utovu wa adabu? Mama aliyekuwa anakaanga chapati akamjibu bila kugeuka: "Na mwenye mabati je?"

Mabishano yale hayajanitoka kichwani, kwa sababu wote wawili walikuwa wanasema jambo la kweli. Dereva alikuwa anazungumzia adabu. Mama wa chapati alikuwa anazungumzia maadili. Kila mmoja alidhani mwenzake haelewi, kumbe walikuwa wanapimia mizani mbili tofauti. Tangu hapo nimeona mkanganyiko huo huo maofisini, mahospitalini, mashuleni na vituo vya polisi hapa Uganda, na naamini unatugharimu sana.

Tuanze na maneno yenyewe. Adabu ni namna unavyomtendea mtu aliye mbele yako: salamu, sauti, mavazi, kumpisha mzee kiti. Nidhamu ni kufuata utaratibu hata usiposimamiwa: kufika kwa wakati, kumaliza kazi uliyopewa, kutunza chombo cha ofisi. Maadili yanakwenda ndani zaidi, kwenye haki na wajibu. Neno hilo ni ndugu wa "adili", na huko lilikotoka katika Kiarabu linabeba maana ya haki na usawa. Sheria nayo ni ile sehemu ya maadili ambayo taifa limeamua kuiwekea adhabu.

Njia rahisi niliyoipata ya kutenganisha adabu na maadili ni hii: adabu tunamtendea aliyepo, maadili tunamtendea hata asiyekuwepo. Kiswahili kina methali isemayo asiyekuwepo na lake halipo. Ni kweli, ndivyo dunia inavyokwenda. Asiyehudhuria mgawo hukosa fungu. Lakini mfanyakazi mwadilifu ni yule anayehakikisha kwamba, mezani pake, asiyekuwepo na lake lipo.

Chukua mfano wa bomba la maji kijijini. Jerikeni za njano zimepangwa foleni, wenyewe wamekwenda shambani. Anakuja mtu, anawasalimu wote, anapiga goti mbele ya wazee, kisha taratibu anaisukuma kwa mguu jerikeni ya mtu asiyekuwepo na kuweka yake mbele. Huyo ana adabu, hana maadili. Anakuja mwingine amenuna, hasalimii mtu, lakini anapanga jerikeni yake nyuma ya zote na kungoja zamu. Huyo maadili anayo, adabu ndiyo imempungukia. Ofisi zetu zimejaa watu wa aina zote mbili, na kwa kawaida tunamsifu wa kwanza.

Sitaki mtu asome hapa kwamba adabu ni bure. Mgonjwa aliyefokewa mlangoni hatamweleza daktari ugonjwa wake wote. Mkulima aliyedharauliwa kwenye ofisi ya ardhi hatarudi kuuliza hati yake imefikia wapi, na pengine ndivyo anavyolipoteza shamba. "Ssebo" na "nnyabo", yaani "bwana" na "bibi" za heshima, tunazoambiana kila siku zina kazi, na ofisi isiyo na salamu ni mahali pagumu pa kuishi. Ninachosema ni kwamba salamu nzuri haithibitishi kwamba hesabu ni safi.

Mavazi nayataja kwa haraka, maana ndiyo yanayozua kelele nyingi kuliko uzito wake. Mwaka 2017 Wizara ya Utumishi wa Umma ilitoa waraka kwa watumishi wa serikali: wanawake wasivae sketi zinazoishia juu ya magoti wala blauzi zisizo na mikono, wanaume wavae suruali nadhifu, shati la mikono mirefu na tai. Watu walibishana kwa wiki kadhaa. Waraka kama huo una nafasi yake, lakini unahusu adabu. Aliyefunga tai barabara anaweza kuwa ndiye anayeficha faili lako kwenye droo.

Palipo na utata mkubwa ni kwenye zawadi.

Sisi ni watu wa kupeana. Huendi kwa mtu mikono mitupu, na mgeni haondoki mikono mitupu. Waganda wana neno "akasiimo", shukrani ndogo anayopewa aliyekutendea wema, na kila kabila nchini lina la kwake. Kukataa alichokuletea mtu mzima ni kama kumwambia kwamba humtaki. Ndiyo maana mtu akiambiwa kwamba zawadi inaweza kuwa rushwa, anahisi utamaduni wake unatukanwa.

Utamaduni hautukanwi. Tazama zawadi ya kweli inavyokwenda. Kwenye kwanjula, sherehe ya Waganda ya kumtambulisha mchumba kwa wazazi wa binti, zawadi huletwa mchana kweupe, mbele ya ukoo mzima, na kila kikapu kinaonekana. Anayetoa hangojei saini ya mtu. Sasa weka kando yake bahasha inayopenyezwa chini ya faili, mlango ukiwa umefungwa, na shauri la mtoaji likiwa bado mezani. Hata kama kiasi ni kilekile, vitu hivyo viwili havifanani. Kwenye bahasha kuna mtu wa tatu asiyekuwepo: yule aliye nyuma yake kwenye foleni, ambaye faili lake litashuka chini ili hili lipande.

Sheria ya Kupambana na Rushwa ya 2009 imeliweka wazi jambo hilo. Rushwa ni kitu chochote chenye faida, iwe fedha, zawadi, upendeleo au hata ahadi, kinachotolewa au kuombwa ili mtu afanye au asifanye jambo katika kazi yake. Anayetoa ana hatia sawa na anayepokea. Adhabu inaweza kufika miaka 10 jela. Wengi hawajui pia kwamba sheria hiyo haikuishia kwa watumishi wa serikali. Meneja wa kampuni binafsi anayepokea chochote ili amsaliti mwajiri wake, kwa mfano kwa kumpa kandarasi mtu asiyestahili, naye yumo ndani yake.

Na "kupewa" je? Turudi kwa dereva wangu. Aprili 2023 mawaziri watatu walifikishwa kortini kwa sababu ya yale mabati. Miaka miwili baadaye, Aprili 2025, aliyekuwa waziri mdogo wa masuala ya Karamoja alitiwa hatiani na kuhukumiwa kifungo cha miaka 4. Kosa halikuwa kuvunja ghala usiku. Lilikuwa kupokea mali huku akiwa na sababu ya kuamini kwamba ilitolewa isivyo halali. Yaani mahakama iliuliza swali lilelile la mama wa chapati.

Kuna neno moja linalotuchanganya zaidi hapa kwetu: fasilitesheni. Maana yake ya kwanza ni halali kabisa. Mwajiri akikutuma Mbarara, anakulipia nauli, malazi na chakula, nawe unaleta risiti. Lakini neno hilo limevishwa kanzu nyingine. Mtu ameibiwa ng'ombe, anakwenda kituoni kutoa taarifa, anaambiwa alete "fasilitesheni" ya mafuta ya gari ili askari wakafanye upelelezi. Hiyo inakuwa bei ya huduma ambayo kodi imekwisha kuilipia. Kwenye kuta za vituo kuna mabango yanayosema kwamba bondi ya polisi, yaani dhamana anayopewa mshukiwa kituoni, ni ya bure. Bango limewekwa kwa sababu watu walikuwa wanalipishwa. Kipimo changu cha fasilitesheni ni kifupi: nani anailipa, na je kuna risiti? Ikilipwa na mwajiri na kuandikwa, ni gharama ya kazi. Ikilipwa na mwenye shida, mkononi, bila karatasi, ni rushwa hata ikiitwa chai, kitu kidogo, soda au muda wa maongezi.

Najua mtumishi atakayeniambia mshahara hautoshi. Mara nyingi ni kweli, na kudai mshahara wa haki ni jambo la kupigania wazi. Lakini anayeongezewa mshahara kwa bahasha hulipwa na maskini kuliko yeye.

Sasa, mtu afanye nini kuku akiletwa? Nilipokuwa karani kijana katika ofisi ndogo karibu na Tororo, bibi mmoja mzee alifika na jogoo amefungwa miguu kwa kamba ya mgomba. Shauri lake lilikuwa limekwisha mwezi mzima uliopita. Alikuja kushukuru tu. Mkuu wetu alitoka nje, akampokea jogoo kwa mikono miwili, akamkalisha bibi, akauliza habari za wajukuu. Kisha akamwambia, "Mama, jogoo huyu umeipa ofisi nzima." Akachukua daftari, akaandika tarehe, jina la bibi na "jogoo 1", sote tukiona. Mchana tukala, hata mfagizi. Bibi aliporudi miezi baadaye na shida nyingine, alikaa kwenye benchi akingoja zamu kama wengine, wala hakuonyesha kushangaa.

Kwa kanuni kali za leo huenda jogoo angerudishwa, na ofisi yako ikiwa na kanuni hiyo, ifuate. Lakini mambo aliyoyafanya mzee yule bado nayaona sahihi: shauri lilikuwa limekwisha, zawadi ilipokewa hadharani, ikaandikwa, ikawa ya ofisi badala ya mtu, na haikununua nafasi ya mbele. Sheria ya Kanuni za Uongozi ya 2002 ina wazo la namna hiyo kwa viongozi: zawadi anayopewa kiongozi kwenye hafla ya umma huhesabiwa kuwa ya serikali au ya taasisi anayoiwakilisha, naye anapaswa kuitangaza kwa Inspekta Mkuu wa Serikali, yule tunayemwita IGG.

Na ukilazimika kukataa, kataa kwa adabu. Simama, pokea mkono, sema, "Mzee, kuja kwako tu kumenitosha. Hiki kanuni ya kazi hainiruhusu, ukiniachia utaniponza." Nimelisema hilo mara nyingi na sijawahi kuona mtu akikasirika. Watu wetu wanaelewa miiko. Koo nyingi zina mnyama zisiyemla.

Baada ya zawadi linakuja jambo gumu zaidi, kwa kuwa halina bahasha: mgongano wa maslahi. Maana yake ni kuwa na viatu viwili kwa wakati mmoja, cha kazi na cha nyumbani, na vyote vinakuvuta. Refa ambaye kaka yake anacheza uwanjani anaweza kuchezesha kwa haki kabisa, lakini akitoa penalti, nani atamwamini? Kuwa na ndugu si kosa. Kosa ni kushika filimbi ukiwa umenyamaza. Dawa yake ina hatua mbili tu: tamka, kisha kaa pembeni jambo hilo linapoamuliwa.

Mfano mmoja uko kwenye kumbukumbu za umma. Mei 2022 Tume ya Bunge, chombo kinachosimamia uendeshaji wa Bunge, iliidhinisha jumla ya shilingi bilioni 1.7 iliyoitwa tuzo ya utumishi: milioni 400 kwa kila mmoja wa wabunge watatu ambao ni makamishna wa tume hiyo, na milioni 500 kwa kiongozi wa upinzani wa wakati huo, naye akiwa mjumbe wa tume hiyohiyo. Jambo lilipojulikana mwaka 2024, waliotetea walisema utaratibu ulifuatwa. Wacha tukubali, kwa ajili ya mjadala, kwamba kila karatasi ilikuwa na saini yake. Swali la maadili linabaki palepale: wanaogawa na wanaogawiwa ni chombo kimoja, na mlipa kodi hayumo chumbani. Hapa ndipo ninapotofautiana na wale wanaosema "kisichokatazwa na sheria ni ruhusa". Sheria ni sakafu ya nyumba. Hakuna anayejisifu kwamba ana nyumba kwa sababu tu ana sakafu.

Kujuana kuko kwenye mkumbo huohuo. Sheria ya Kupambana na Rushwa ya 2009 imeitaja tabia hiyo kuwa kosa: mwenye ofisi akitumia cheo kumfaidisha ndugu kwa sababu ya undugu, ameivunja. Mimi mwenyewe niliwahi kulifanya. Kazini waliniuliza kama namjua kijana wa kufanya ulinzi. Nikampeleka mtoto wa dada yangu, nikanyamaza kuhusu undugu wetu. Kijana alichapa kazi vizuri, na kwa muda mrefu nilijiambia kwamba basi hakuna ubaya. Lakini ubaya ulikuwapo siku ileile. Kulikuwa na vijana wengine wa mtaa ambao hawakujua kwamba nafasi ilikuwepo, na mmoja wao pengine alikuwa bora zaidi. Sitamjua kamwe. Kumwambia ndugu yako kwamba kuna nafasi si dhambi, mradi tangazo limebandikwa kwa wote, umesema wazi kwamba ni ndugu, na anayemsaili si wewe.

Siri za kazi nazo zimekuwa nyepesi tangu simu ziingie mfukoni. Muuguzi anapiga picha ya kidonda cha ajabu na kuituma kwenye kundi la WhatsApp. Karani wa benki anamdokezea rafiki salio la jirani. Hakuna aliyekusudia ubaya, na mgonjwa hayupo kwenye kundi kujitetea. Uganda ina Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019. Taarifa za mtu haziwi zako kwa sababu zimepita mikononi mwako.

Mpaka hapa nimesema kana kwamba anayeonewa kila mara yuko mbali. Kuna hali moja ambapo yuko hapohapo, lakini adabu yenyewe inamfanya awe kama hayupo. Binti wa miaka 23, ajira yake ya kwanza, na bosi wa umri wa baba yake anayemwita ofisini jioni, anamshika bega, anamtumia ujumbe usiku, anamwahidi mkataba wa kudumu. Binti amefundishwa kutomjibu mtu mzima, kutomtazama usoni, kusema "ndiyo ssebo". Malezi yake mema yanageuzwa kuwa kamba ya kumfungia. Linaniuma jambo hili kuliko mengine yote niliyoyaandika hapa.

Sheria ya Ajira ya 2006 inasema wazi. Kuomba ngono kwa ahadi ya kumpendelea mtu kazini au kwa kumtisha, na hata maneno, picha au mguso wa kimapenzi ambao mwenyewe hautaki na unaomharibia kazi, huo ni unyanyasaji wa kijinsia. Mwajiri mwenye wafanyakazi zaidi ya 25 anatakiwa awe na hatua za kuuzuia. Kwa hiyo kumwambia bosi "hapana" kwa sauti thabiti hakuvunji adabu. Aliyeivunja ni yeye. Na "nilikuwa natania tu" si jibu, kwa sababu utani wetu wa kweli, ule wa makabila na wa babu na mjukuu, huchekesha pande zote mbili.

Kamba hiyohiyo humfunga mhasibu anayeambiwa atie saini kwenye malipo ya semina ambayo haikufanyika. "Bosi kasema" haimwokoi mwenye saini. Ninachowashauri vijana ni kuomba kwa heshima: "Mkubwa, naomba uniandikie agizo hilo ili niliambatishe." Maagizo mabaya mengi hufia hapo, maana aliyeyatoa hataki kuyaona kwenye karatasi.

Na ukiona wizi, ukisema, wewe ni mmbea? Umbea hupelekwa kwa asiyeweza kufanya lolote zaidi ya kusikiliza. Taarifa hupelekwa kwa mwenye mamlaka ya kuchunguza. Sheria ya Kuwalinda Watoa Taarifa ya 2010 inamlinda mtu anayetoa taarifa kwa nia njema, akiwa na sababu ya kuamini kwamba ni ya kweli, iwe kwa mwajiri wake au kwa vyombo kama IGG, polisi, Tume ya Haki za Binadamu au ofisi ya RDC, yaani mwakilishi wa Rais wilayani. Fedha zikirudishwa kwa sababu ya taarifa yako, sheria inakupa asilimia 5. Lakini ukitunga uongo kwa makusudi ili kumwangusha mwenzako, kosa ni lako.

Maana yule unayemtuhumu naye ana haki. Mara nyingi kikao kinachomfukuza mtu kazi hukaa bila yeye, na barua humkuta mlangoni, mlinzi akiwa amekwisha kuambiwa asimfungulie. Wengi wanadhani mwajiri wa kampuni binafsi anaweza kufanya hivyo kwa sababu kampuni ni yake. Hawezi. Sheria ya Ajira inamtaka, kabla ya kumwachisha mtu kwa utovu wa nidhamu au kazi duni, amweleze sababu kwa lugha anayoielewa, amsikilize, na amruhusu aje na mtu mmoja aliyemchagua mwenyewe. Asipofanya hivyo anadaiwa mshahara wa wiki 4, hata kama sababu ya kumfukuza ilikuwa ya haki. Malalamiko ya kuachishwa isivyo haki hupelekwa kwa ofisa kazi wa wilaya ndani ya miezi 3. Kwa hiyo siku barua inapokukuta mlangoni, andika tarehe nyuma ya bahasha, weka nakala ya mkataba, na uliza ofisi ya ofisa kazi iko upande gani wa makao ya wilaya.